Nani aliroga sombe yangu?

Mpenzi msomaji, umekwisha kumdhania mtu vibaya, kisha ukaona haya? Mimi, ndiyo.

Kiangazi kimoja, hapa Katuba, sombe ya nyuma ya nyumba yangu ilianza kujikunja. Majani ya juu yalifungana kama ngumi ya mtoto, na chini yake kulikuwa weupe kama pamba. Juma lile lile mama mzee wa jirani alikuwa ameisifu. Nikasema moyoni: ni yeye tu! Nikaacha kumsalimia. Watoto nikawakataza kuchota maji kwake.

Siku moja moniteri wa kilimo alipita. Akachuma jani, akaligeuza. Ule weupe ni mfuko wa mayai. Mwenyewe ni kidudu kidogo cha rangi ya waridi, kimejipaka unga mweupe. Ndugu zake wanashika hata maua ya chungu ndani ya nyumba. Dume hakuna: vyote ni majike, na kila jike hutaga mayai yapata 400. Baada ya juma moja hivi watoto wanatoka, wanatambaa mpaka kwenye machipukizi, wanafyonza utomvu. Wanajivua ngozi mara kadhaa, na kwa mwezi mmoja tu nao wanataga. Wakati wa kiangazi wanazidi, maana hakuna mvua ya kuwaangusha.

"Mama, miti ya kupanda ulitoa wapi?"

Nikanyamaza. Niliileta mwenyewe toka shamba la shangazi, na weupe ule niliuona juu yake, nikaudharau.

Kidudu hiki kilitoka Amerika ya Kusini, kikafika kwetu miaka ya 1970, kikamaliza mashamba ya mihogo. Ndipo nyigu wadogo sana wakatolewa Paraguay, na mwaka 1981 wakaachiliwa Nigeria. Nyigu anataga yai ndani ya kidudu. Mtoto wake anakila toka ndani. Bwana Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Zawadi ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kwa hiyo moniteri alinikataza kupiga dawa: "Utaua askari wako mwenyewe." Nilikata ncha zenye ugonjwa, nikazichoma.

Kazi ngumu ilibaki. Jioni nilienda kwa jirani. "Mama, unisamehe. Nilikuwazia ubaya."

Akaniangalia sana. "Nilijua, mutoto wangu. Nilingojea tu useme. Kesho uje, nikukatie miti ya kwangu, ni safi."

Sombe tunayokula leo na bukari ilitoka kwake. Msomaji, kabla ya kumtaja mchawi, geuza jani kwanza.