Atomu Zinazofika

Kazi yangu maabarani, mwanzo hadi leo, imekuwa kuvunja molekyuli za oksijeni kwa umeme katika kanieneo la kawaida la hewa, ili nipate atomu moja moja zilizo tayari kuungana na chochote zinachokigusa. Werner von Siemens alitengeneza ozoni kwa njia ya namna hii mwaka 1857, na ozoni hiyo huzaliwa na atomu hizo hizo. Faida ya kufanya kazi bila ombwe ni kubwa, kwani jeraha la mgonjwa linalotibiwa kwa atomu hizo haliwezi kutiwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Lakini nimeshikilia neno moja kwa miaka yote: mtambo upimwe kwa atomu zinazofika, si kwa wati unazotumia wala kwa mwanga unaotoa.

Mwanga huo ndio unaopotosha. Mng'ao wa infraredi wa oksijeni, kwenye nanomita 844.6, hutoka kwa atomu iliyosisimuliwa. Nayo huenda ilikuwa atomu tangu awali, au imechomoka sasa hivi kwenye molekyuli iliyopigwa na elektroni. Mng'ao wenyewe hautofautishi. Katika mkondo wa heliamu unaoendeshwa kwa umeme wa megahezi 13.56, kati ya elektrodi zilizoachana milimita moja, atomu huongezeka kadiri oksijeni inavyoongezwa hadi kama nusu ya asilimia, kisha hupungua, kwa sababu molekyuli zinazozidi hunyang'anya elektroni nishati. Haya yalijulikana kwa leza ya nanomita 225.6, ambayo fotoni zake mbili kwa pamoja huinua atomu, na mng'ao wake ukalinganishwa na wa zenoni.

Wapo wanaosema kwamba migongano katika kanieneo hili huzima mng'ao, hivyo hata leza haiaminiki. Ni kweli huuzima, ila kasi ya kuzimika hukokotolewa, na leza za pikosekunde huipima moja kwa moja. Wengine hulalamikia gharama, na hapo nakubaliana nao. Ndiyo maana nauthamini mtambo wa rejea wa COST, mpango wa Ulaya wa ushirikiano wa kisayansi, uliochapishwa mwaka 2016: asiye na leza aweza kuujenga na kutegemea vipimo vya wenzake.

Bado pana suala la umbali. Katika hewa ya kawaida atomu ya oksijeni haidumu zaidi ya makumi machache ya mikrosekunde kabla ya kugeuka ozoni. Ndani ya heliamu hudumu zaidi. Kwa hiyo anayeandika kwamba atomu zake zimeua bakteria, na asitaje bakteria walikuwa milimita ngapi kutoka mdomo wa mtambo, hajathibitisha kilichowaua.