Chakula cha Mchana Lupaso

Lupaso ni kijiji cha wilaya ya Masasi, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na kuzikwa mwaka 2020. Huko tuliketi mkekani na wenyeji wetu, tukala ugali wa muhogo kwa mbaazi.

Kijana wao akatusimulia jinsi ami yake alivyowapeleka wote kula mkahawa wa Kijapani, katika jumba la maduka Dar es Salaam. Kuku alinukia vizuri. Lakini kijana akauliza mchuzi wake umetiwa nini. Mtumishi akajibu: mirin, pombe tamu ya mchele. Ami aliona haya, kisha akaagizia jamaa nzima samaki wa kuchoma kwa chumvi tu.

Bibi akamwongezea mjukuu tonge. “Kuuliza si ujinga,” akasema.