Milima ya Njiani

Basi la Moshi likishapita Hedaru, Milima ya Pare inawasindikiza abiria kwa upande wa kulia mpaka Same, na hakuna anayetoa simu. Simu zinatoka baadaye, Kilimanjaro ikichomoza. Hapa chuoni nikisema kwetu Same, jibu ni lile lile: "Aah, pale njiani!"

Mtasema ni urefu. Kweli, Shengena, kilele chetu kikubwa, ina mita 2,462, na Kibo 5,895 na barafu juu yake. Lakini urefu peke yake haumtoi mtu Ulaya. Lazima kwanza auone mlima akiwa kwao. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, Meyer alikuwa na kamera, na mwaka uliofuata picha zake zikatoka kitabuni. Mwaka 1911 reli ya Tanga ikafika Moshi, ikiwa imepita chini ya milima yetu, Makanya na Same. Picha ilimwonyesha mgeni pa kwenda, reli ikamfikisha. Sisi tukabaki wa kutazamwa dirishani.

Likizo iliyopita mjomba wangu, mkulima wa tangawizi Mamba Miamba, akaniambia, "Mjomba, si una simu nzuri? Tupige picha, wageni waje na huku." Bei ya tangawizi ikianguka, ada ya wanawe inayumba, kwa hiyo hakuwa anatania. Bibi akadakia: "Piga, ila msitu wa wazee uuache. Kule hata sisi hatuingii ovyo."

Nikaona wote wawili wana haki. Picha inaleta wageni, lakini pia inawafundisha wakifika watafute nini. Kilimanjaro tunayouziwa kwenye kadi ni theluji na tembo. Migomba ya Wachagga na wenyewe wamekatwa.

Basi, msitu nikauacha. Nikapiga ukungu wa Chome, matuta ya tangawizi, na ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ya kukusanya maji ya kumwagilia. Wenye mashamba niliwaomba kwanza, nao wakasimama walivyotaka.

Nilipompa mjomba simu achague ya kutangulia, nilidhani atachukua ukungu. Akachagua ndiva, majirani wakiwa ndani na majembe, wanazoa tope.

"Hii," akasema. "Wakiiona hii watajua huku kuna wenyewe."