Vitamini Tu

Kwetu Handeni, neno "tu" linaweza kuondoa hofu kwenye kitu chochote. Ukisema dawa, watu wanakaa sawa na kuuliza: inamezwa saa ngapi, umeshakula, vimebaki vingapi? Ukisema vitamini tu, kidonge kinakuwa ndugu wa pipi. Kinakaa dirishani karibu na kiberiti. Anayekikumbuka anakimeza, na anayekiona kinafaa anampa jirani.

Dada yangu alikuwa na mimba ya pili, anaishi kwa wakwe zake. Kliniki walimpima damu, wakaandika 9.2 kwenye kadi. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu. Wakamhesabia vidonge vyekundu kutoka kwenye kopo, wakavitia kwenye kifuko kidogo cha plastiki. Vile vile ambavyo kina mama wote wanaviita FEFO: madini ya chuma na asidi ya foliki ndani ya kidonge kimoja. Akaambiwa kimoja kwa siku, basi. Foleni ilikuwa ndefu.

Nilifika likizo mwezi mmoja baadaye na kukuta kifuko karibu kimejaa. Vilikuwa vinamchafua tumbo, alisema. Choo kimekuwa cheusi kama mkaa na kigumu, na asubuhi akinusa tu harufu ya kile kidonge anatapika. Zaidi ya hapo, mama mkwe wake alikuwa amesikia kwamba vinanenepesha mtoto tumboni mpaka mama anapasuliwa. Nilishangaa maneno hayo mawili yanavyoweza kukaa nyumba moja: kidonge ni vitamini tu, hata usipokimeza si neno, na kidonge hicho hicho kina nguvu ya kukupeleka kwenye kisu.

Vilikuwa vimepungua kidogo, lakini si kwa sababu dada alivimeza. Mjukuu wa kwanza, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa hali vizuri, amepauka. Bibi yake alikuwa akimvunjia nusu kidonge, anakiponda kwenye uji. "Vinaongeza damu," aliniambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulea wengi. "Kama vinamfaa mama, mtoto vitamkosea nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimpigia shangazi, muuguzi mstaafu anayeishi Korogwe. Kutoka kwetu ni lami tupu mpaka kwake. Akasema yaje yote: dada, mtoto, kadi, na kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba hiyo. "Kila kidonge, mwanangu. Hata kile mnachokiita si dawa."

Kesho yake alivimwaga kwenye sinia kama anayechambua mchele. Alianza na mtoto, na ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza habari ya Pemba. Baadaye niliusoma utafiti wenyewe, uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet. Zaidi ya watoto 24,000 wa Pemba, wenye umri chini ya miaka mitatu, waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki. Kila mtu alitegemea wangepata nafuu. Ikawa waliopewa madini hayo walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kuugua vikali hadi kulazwa, au kufa. Mwaka 2003 ilibidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe. Wakati huo malaria ilikuwa imejaa Pemba, na madini ya chuma si chakula cha binadamu peke yake. Vimelea navyo vinayahitaji. Lakini ndani ya utafiti huo huo, watoto waliokuwa na upungufu kweli, waliopimwa na kutibiwa malaria haraka, walinufaika. Tofauti haikuwa kwenye kidonge bali kwenye kipimo kilichotangulia na matibabu yaliyokuwa karibu. Mpaka leo Shirika la Afya Duniani linasema hivyo: penye malaria, mtoto asipewe madini haya bila mipango ya kumkinga, kumpima na kumtibu.

Watoto wa Pemba walikuwa wakipewa miligramu 12.5 za chuma. Kidonge cha mjamzito kina kama 60. Nusu ya bibi ilikuwa 30, tena ya kukadiria kwa jino la kisu.

Shangazi hakumlaumu mtu. Alichukua kikokotoo cha simu na kumfanyia dada hesabu nyingine. Mtoto wa kilo kumi akivila kumi kwa siri, akidhani ni pipi, ni miligramu 600, sitini kwa kila kilo yake. Hapo si kuumwa tumbo tena, ni sumu ya kuua. Huanza kwa kutapika na kuharisha, halafu mtoto anaonekana kama amepona, watu wanapumua, kumbe ini ndilo linaharibika. Marekani watoto wadogo walikufa kwa vidonge hivi vya mama zao, hadi mwaka 1997 serikali ikaamuru onyo liandikwe kwenye kila chupa. Kifuko chetu cha plastiki hakikuwa na onyo. Hakikuwa hata na jina la dawa.

Kisha akakuta kwenye sinia vidonge vidogo vya njano. Shemeji alivinunua duka la dawa, kwa mapenzi, baada ya kusikia damu ya mkewe ni ndogo. Ilikuwa asidi ya foliki, miligramu tano. Shangazi alifungua kadi, akaweka kidole pale palipoandikwa SP, dawa ya kukinga malaria ambayo wajawazito humeza kliniki mbele ya muuguzi.

"Hizi mbili zinapigana," akasema.

SP hufanya kazi kwa kumzuia kimelea asijitengenezee foleti. Ukimletea mwilini foleti nyingi, umemlisha yule uliyekusudia kumfisha njaa. Kiasi kidogo, miligramu 0.4 ya kila siku, hakina shida. Tano ndizo tatizo. Magharibi mwa Kenya walilipima jambo hili kwa wajawazito wenye malaria waliotibiwa kwa SP: kwa waliopewa tano, dawa ilishindwa karibu maradufu kuliko kwa waliopewa 0.4. Na sisi tunaishi upande wa Tanga, ambako vimelea vimekwisha kuizoea SP kuliko sehemu nyingi. Dawa iliyochoka haihitaji mpinzani wa kununuliwa.

Dada aliuliza lililokuwa likimkaa moyoni: je, kama chuma kinalisha malaria, mbona mimi nakipewa? Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Dar es Salaam walilifanyia kazi kwa wajawazito 1,500 wasio na upungufu wa damu. Waliomeza miligramu 60 kila siku hawakuwa na malaria zaidi kwenye kondo la nyuma kuliko wenzao. Shangazi alijibu kwa lugha yake: "Wewe una SP, una chandarua, una kadi inayosomwa kila mwezi. Na una 9.2. Utazaa na damu gani?" Kuhusu kupasuliwa alicheka tu, akasema mtoto mwenye afya si adhabu.

Mengine yalikuwa mambo ya jikoni. Kidonge kihamie usiku, wakati wa kulala, ili kichefuchefu kikukute usingizini. Tumbo likigoma kabisa, kitanguliwe na chakula kidogo. Chai ya rangi, ambayo kwetu inanywewa kama maji, ikae mbali nacho saa moja au mbili, maana inakizuia kisifyonzwe. Maziwa na dawa ya kiungulia vivyo hivyo. Na udongo wa kula, ule unaopangwa mafungu sokoni, auache. Hapo dada aliangalia pembeni. Akimeze na chungwa. Tunatoka wilaya yenye kijiji kinachoitwa Michungwani, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba chungwa linasaidia chuma kuingia mwilini. Choo cheusi asikiogope, ndivyo kinavyokuwa. Kigumu, maji na mboga za majani.

Mtoto tulimpeleka kupimwa siku ile ile. Malaria hakuwa nayo. Alikuwa na minyoo na upungufu kidogo wa damu. Akapewa dawa ya minyoo, na dawa ya maji ya madini kwa kipimo cha uzito wake, na tarehe ya kurudi.

Vidonge vya njano shangazi alibaki navyo. Vyekundu alivifunga kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, akabandika plasta juu na kuandika kwa kalamu ya wino: DAWA YA MAMA, KIMOJA, USIKU. Dada alimwomba amwandikie na plasta nyingine yenye maneno hayo hayo, akambandikie mama mkwe pale dirishani.