Kagua Kabla Hujalipa

Ndugu mtahiniwa, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii bila shaka umeiandika mara nyingi kwenye daftari lako. Leo nataka uione ikifanya kazi mahali ambapo akiba ya mtu iko hatarini.

Mwaka 2023 baba yangu alilipwa kiinua mgongo. Akapenda gari moja lililotumika, Toyota Crown ya mwaka 2005, ile saluni kubwa, ili alikodishe kwenye harusi. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na bei yake ni shilingi milioni 14. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Kikipotea, hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi wa kuziba pengo. Akaniomba nikalikague. Mimi ni mwalimu wa fizikia, si fundi, lakini mengi niliyoyahitaji siku ile yamo katika masomo yako.

Kwanza, soma kadi ya gari. Jina lililoandikwa liwe la muuzaji, na namba ya chasisi ilingane na iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Dalali alituambia injini ni ya lita 2.5, "haili mafuta, mzee". Namba ya chasisi ilianza na GRS182. Crown za toleo lile zenye injini ya lita 2.5 huanza na GRS180 au GRS181. GRS182 ni ya lita 3.0. Hoja ya kwanza ikaanguka kabla hatujafungua boneti.

Pili, piga hesabu. Mita ilionesha kilomita 72,000. Gawanya kwa miaka 18: kilomita 4,000 kwa mwaka, yaani kama 11 kwa siku. Lakini dalali huyohuyo alijisifu kwamba kwa miaka mitatu gari lilibeba abiria kila wiki kutoka Morogoro hadi Dodoma na kurudi. Safari hiyo haipungui kilomita 500. Zidisha kwa wiki 52, kisha kwa miaka 3, upate 78,000. Safari hizo peke yake zilizidi mita nzima! Tazama pia pedali ya breki na usukani: mpira uliolika mpaka chuma hauendani na mita changa.

Tatu, chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini, uipitishe milangoni. Chuma huivuta. Ikikataa kunata sehemu moja, huenda chini ya rangi kuna puti iliyoficha ajali. Usihukumu boneti kwa njia hiyo, kwa kuwa baadhi ya magari yana boneti za alumini, nayo hainaswi na sumaku.

Nne, likute gari likiwa baridi. Tuliambiwa halijawashwa tangu jana, lakini niliposhika boneti ilikuwa ya moto. Sikufungua rejeta. Unajua kwamba shinikizo likiongezeka, kiwango cha kuchemka hupanda. Ukifungua kifuniko ghafla, maji yale huchemka papo hapo na kukuunguza. Nikaomba turudi kesho yake alfajiri.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Dalali alisema kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu saa kumi. Baba akanivuta pembeni: "Mwanangu, gari litatuponyoka." Nilimjibu kwa heshima, "Baba, likituponyoka, fedha yako bado unayo." Alinyamaza, hakufurahi, lakini hakulipa.

Alfajiri gari lilikuwepo. Tulikwenda na fundi tuliyemchagua wenyewe, maana fundi wa muuzaji ni sehemu ya muuzaji. Lilipowashwa likatoa moshi wa bluu, nao haukukoma. Mvuke mweupe mwepesi unaotoweka injini ikipata joto ni maji tu, usikutishe. Mweupe mzito usiokwisha huashiria maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini; mweusi, petroli inazidi; wa bluu, oili inaungua. Fundi akanionesha jambo ambalo sikulijua: ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya tahadhari ya injini lazima iwake, kisha izime injini inaponguruma. Ile yetu haikuwaka kabisa. Huenda mtu aliiziba ili isiseme.

Niliandika kila kitu katika safu tatu: tulichoambiwa, tulichokiona, na maana yake. Nikampa baba karatasi, uamuzi ukabaki wake. Aliisoma mara mbili, akamshukuru dalali, tukaondoka.

Sasa rudi kwenye mtihani wako. Swali likisema "tathmini", wengi huorodhesha sifa kama dalali: zuri, jeusi, linang'aa. Mtahini hatafuti sifa. Toa hoja, weka ushahidi unaoweza kupimwa, eleza unathibitisha nini, kisha toa uamuzi. Na siku utakapokuwa na fedha yako mwenyewe mkononi, au ya mzazi wako, fuata utaratibu huohuo. Anayekuharakisha kulipa, mwambie utarudi kesho asubuhi.