Hula: Ngoma inayoanza mdomoni kabla ya kufika kiunoni

Hilo ni mji wa mvua. Uko mashariki mwa kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, na wenyeji wameipa mvua yao jina, Kanilehua, kutokana na lehua, ua jekundu linalostawi kwa mvua hiyo. Mzazi mgeni anayempeleka mwanawe kujifunza hula hapo atalisikia jina hilo mapema. Siku moja mtoto atatakiwa kuionyesha mvua hiyo kwa vidole, na mwalimu atajua mara moja kama anaelewa anachokitaja.

Wageni wengi hufika wakidhani hula ni kukata kiuno. Wameiona kwenye sinema za zamani na maonyesho ya hotelini: sketi ya nyasi, vifuu vya nazi kifuani, kiuno kikienda mbio. Ule mtikisiko wa haraka kwa mdundo wa ngoma nyingi ni wa Tahiti, kisiwa kingine kabisa, zaidi ya kilomita 4,000 kusini. Hula ya Hawaii huanza na maneno. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo na ndiyo mchezo wenyewe. Kwa Wahawaii msingi ni mele, yaani shairi linaloghanwa au kuimbwa, na pasipo mele hakuna hula.

Shule ya hula huitwa halau, na mwalimu wake ni kumu, neno ambalo pia lina maana ya shina la mti. Katika halau nyingi mwanafunzi haingii tu. Wanafunzi husimama nje wakighani kuomba ruhusa, na kumu hujibu kwa kughani akiwa ndani. Ni hodi na karibu, ila hodi hii lazima ikaririwe neno kwa neno. Sauti ikiwa legelege, kumu anaweza kunyamaza, nao wakaanza upya. Watoto wadogo huzoea upesi. Watu wazima ndio huona haya.

Wakishaingia, kazi ya kwanza ni magoti. Mchezaji hukunja magoti na kubaki hivyo, mgongo wima, nyayo zikikanyaga sakafu sawasawa. Hatua ya kwanza kwa wengi ni kaholo, ya kwenda upande mmoja na kurudi. Kiuno huyumba chenyewe kwa sababu ya magoti na miguu. Anayekirusha kwa makusudi huambiwa akitulize. Baada ya dakika 20 mapaja huwaka moto, na hapo mikono bado haijaanza kusema lolote.

Mikono ndiyo yenye simulizi: bahari, upepo, mlima, ua, mpenzi aliyesafiri. Macho hufuata mkono, kwa kuwa msimuliaji hawezi kutazama pembeni wakati anataja kitu. Tena maneno yenyewe huwa na kaona, maana iliyofichwa chini ya maana. Aliyekulia kwenye kanga na taarabu hahitaji kuelezwa sana hapo. Mvua inaweza kuwa mvua, na inaweza kuwa mtu.

Kuna hula ya kale, kahiko, inayochezwa kwa kughani pamoja na ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine, au pahu, ngoma ya gogo ambayo kwa asili huwambwa ngozi ya papa. Na kuna ʻauana, ya nyakati za karibu, yenye gitaa na ukulele. Wageni hupenda ʻauana kwa utamu wake, lakini kumu wengi huwafundisha zote mbili.

Ukali wa walimu hawa una sababu yake. Wamisionari kutoka Marekani walifika mwaka 1820, na 1830 Malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa ameupokea Ukristo, akapiga marufuku hula hadharani. Mfalme Kalākaua aliirudisha mbele ya watu katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883, ingawa wapo walionung'unika. Miaka 10 baadaye ufalme ulipinduliwa. Sheria ya 1896 ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na watoto wakaadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya mama zao.

Hebu mzazi afikirie hilo: bibi anajua mamia ya mashairi, mjukuu hajui hata moja, na wote wanakaa nyumba moja. Kufikia miaka ya 1980 watoto waliokuwa wakizungumza Kihawaii nyumbani walikuwa wachache mno, wengi wao wa kisiwa kidogo cha Niʻihau. Lugha ilitambuliwa kikatiba mwaka 1978, na 1984 ikafunguliwa chekechea ya kwanza ya Pūnana Leo, yaani kiota cha lugha, ambako mtoto husikia Kihawaii tu. Kwa miaka yote hiyo, sehemu kubwa ya lugha iliyosalia ilihifadhiwa ndani ya hula. Kwa hiyo mgeni anayekosea neno huwa hajaharibu mchezo tu.

Kila mwaka, wiki inayoanza na Pasaka, Hilo hujaa watu wanaokuja kwenye tamasha la Merrie Monarch, lililopewa jina la utani la Kalākaua. Mashindano yake ya hula yalianza 1971, na huchezwa katika uwanja wenye jina la Edith Kanakaʻole, kumu wa hapohapo kisiwani.

Mzazi naye ana kazi. Kuna sketi za kushona, chakula cha kuuza ili kuchangisha nauli, na majani na maua ya mashada ya kuchuma. Mtoto hufundishwa kuuomba mmea kabla ya kuchuma na kuchukua kinachotosha tu. Siku hizi kuna tahadhari zaidi: kuvu wanaua miti ya ʻohiʻa inayotoa lehua, hivyo anayetoka msituni husugua udongo kwenye viatu na kuvipulizia spiriti. Halau nyingi zimeacha kuchuma lehua kwa sasa.

Na simu. Mchezo mmoja unaweza kuwa wa ukoo fulani wa walimu, umepokezwa kwa vizazi. Mwanafunzi haruhusiwi kuufundisha kwingine kwa uamuzi wake, na video ya mazoezi haipelekwi mtandaoni bila idhini ya kumu. Bibi aliye ng'ambo itabidi asubiri hoʻike, onyesho la halau, siku ambayo familia na jamaa hualikwa kuja kutazama.