Kijarida cha Karatasi Moja



 Sisi wanafunzi 11 wa darasa la juu tumetakiwa na mhariri tueleze vipi kilipatikana kile kijarida kidogo mlichokiona mikononi mwa watu mwezi wa Rajab, na kwa nini ndani yake hamna Bismillahi. Swali hili la pili ndilo tulilolisikia zaidi, wengine wakituuliza kwa upole na wengine kwa ukali.

Mwanzo wake ni ziara. Ustadh alitupeleka Makumbusho ya Lamu, lile jumba linalotazama bahari, ambalo tunalipita kila siku tukienda skuli. Alitupa kila mmoja penseli na kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa kibiriti, akasema: "Chagueni nakshi moja tu, muinakili mpaka ijae hapo." Basi tukaenda huku na huku. Wengi tuliishia kwenye siwa mbili zilizohifadhiwa humo: ile ya Lamu ya shaba, na ile ya Pate ya pembe ya ndovu, iliyochongwa karne ya 17, ambayo urefu wake unapita mita 2. Siwa ilipulizwa katika harusi na shughuli kubwa za wenye mji, na sisi hatujapata kuisikia ikilia. Lakini nakshi zake zinaonekana wazi, zimesukana kama ukili wa mkeka. Kisha tukaingia ile nyumba ya kale ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, tukanakili zidaka za chokaa ukutani. Wawili wakabaki nje wanachora nakshi za mlango, na wapita njia wakawauliza kama wanataka kuununua.

Katika vyote tulivyovichagua hamkuwa na umbo la mtu wala mnyama. Kwa hiyo ule mjadala wa kuchora viumbe wenye roho, ambao tulijua utatuchelewesha, haukutokea kabisa.

Mjadala uliotokea ulikuwa mwingine. Tuliporudi, Ustadh alituonyesha picha za msahafu ulioandikwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate. Siyu palikuwa na wanakili mashuhuri wa Qur'ani katika karne ya 18 na ya 19, na kazi zao zimepambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mmoja katika misahafu hiyo leo umehifadhiwa Fowler Museum, huko Los Angeles, Marekani. Mtu akitoka hapa kwa jahazi anafika Siyu siku hiyo hiyo, na kitabu chake sisi tumekiona kwa picha tu. Tuliyaangalia yale mapambo ya ukingoni kwa muda mrefu. Mwenzetu mmoja akasema hapo hapo kwamba kijarida chetu lazima kianze na Bismillahi kwa khati ya namna ile, na kati yake iwekwe aya moja.

Ustadh akauliza, "Na karatasi hii mwisho wake itakuwa wapi?"

Kila mmoja alilijua jibu. Tunanunua njugu na mabuyu kila jioni, na tunajua yanafungwa kwa karatasi gani. Kitabu kina jalada na mahali pake juu ya rafu. Kijarida cha karatasi moja kinatiwa mfukoni, kinafuliwa pamoja na suruali, kinaokotwa na mtoto. Kundi moja likashikilia kwamba jambo lisiloanzwa kwa Bismillahi ni pungufu. Jingine likasema jina la Mwenyezi Mungu likikanyagwa dhambi itatufikia sisi tuliolitawanya. Mmoja akaleta shauri la kuandika 786 kama wazee wengine wanavyofanya kwenye barua. Ustadh akasema tarakimu ni tarakimu, haziwi Bismillahi. Tulibishana siku mbili, na wasichana wawili hawakusemeshana mpaka Ijumaa.

Mwisho tulikubaliana hivi: Bismillahi itasomwa kwa ulimi kwa kila nakala inayopigwa chapa, na ukurasa wa katikati utakuwa na pambo la ukingoni peke yake, na ndani yake patupu. Mapambo yatoke yende mjini, maneno yabaki msahafuni. Tuliona huo ndio uamuzi bora, na mpaka leo tunaona hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Kijarida hiki ni karatasi moja ya A4. Unaikunja mara tatu mpaka ipate vyumba 8, unaikunjua, unakata kwa mkasi mstari wa katikati unaogusa vyumba vinne vya kati tu, kisha unaikunja tena kwa urefu na kuisukuma pande mbili zikutane. Hapo inageuka kitabu chenye kurasa 8, bila gundi wala uzi. Kurasa za safu ya juu lazima zichorwe kichwa chini, la sivyo zitasimama kinyume. Sisi tulizipanga ili kifunguke kutoka kulia kama juzuu, maana jina lake, "Nakshi", tuliliandika kwa herufi za Kiarabu.

Mihuri tuliichonga kwenye soli za kandambili zilizokatika. Mpira wake ni laini na unakubali wembe, na wembe walishika wakubwa tu. Mchoro wa penseli unaulaza kifudifudi juu ya mpira, unausugua kwa mgongo wa kijiko, na unajihamisha ukiwa umegeuka; ukipiga chapa unarudi sawa. Wanane walichonga kurasa, watatu wakashika wino, mkasi na hesabu. Ugumu ulikuwa kwamba ule mkanda wa nakshi unaanza ukurasa wa kwanza na kupita kurasa zote, kwa hiyo mkanda wa mtu lazima ukutane na wa jirani yake. Tulipima kwa kijiti cha kibiriti: upana wa mkanda ni kijiti kimoja, si zaidi. Mwenye kutaka kuonyesha ufundi wake pekee alikuwa anaukata mnyororo wa wenzake, na aliambiwa.

Nyeusi ilitoka kwa fotokopi, nakala 120. Nyekundu tuliigonga kwa mkono kwa wino wa muhuri. Ya tatu tuliipaka kwa manjano ya jikoni yaliyokorogwa na maji, na madrasa ikanuka pilau siku nzima. (Manjano hupauka juani, basi mwenye nakala aiweke kivulini.)

Tulivigawa baada ya Ijumaa. Bibi mmoja alilisoma jina la jaladani mara moja, ilhali mjukuu wake wa kidato cha pili alikuwa bado anakokoteza herufi. Kuhusu ule ukurasa mtupu, watu wameutumia kila mtu kwa lake. Mzee mmoja aliandika kwa mkono wake Aayatul Kursiyy kwa herufi ndogo sana, na ameibandika juu ya kitanda chake. Mwenye duka la jirani ameandika humo hesabu ya mahamri ya wiki, na mafuta yamekwisha kupenya mpaka jaladani. Ustadh alipoiona ile ya dukani alicheka, akasema, "Mmeona?"

Zimebaki nakala 9, ziko kwa Ustadh. Kijarida cha pili tutakianza baada ya Idi, inshallah, na safari hii wadogo wa darasa la tatu wameomba nao wachonge. Kwa hiyo wazazi wetu wapenzi, kandambili zikikatika msizitupe, tuleteeni madrasa.

Wabillahi tawfiq.